Kabla Hujaenda Kupimwa Mlango wa Kizazi

Wengi wetu hapa Nairobi hungoja mpaka tuone damu isiyo ya mwezi ndipo tukapimwe saratani ya mlango wa kizazi, ilhali kipimo hiki ni cha mtu asiyeumwa popote. Nenda ukiwa mzima. Ikiwa tayari unatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, usingoje siku ya kampeni ya bure mtaani; mwone daktari na umweleze wazi.

Hesabu siku zako. Jirani yangu wa Umoja alifunga kibanda chake cha mboga, akakaa kwenye foleni tangu asubuhi, kisha akaambiwa arudi hedhi ikiisha. Hakurudi hadi mwaka ukapita. Siku mbili kabla, acha tendo la ndoa, usiweke dawa ukeni wala usijioshe kwa ndani. Beba leso.

Uliza unafanyiwa kipimo kipi. Kwa kile cha siki, muuguzi hupaka siki nyepesi kwa pamba, akangoja kama dakika moja. Penye seli zilizobadilika hugeuka peupe, na majibu unapewa papo hapo. Kipimo cha HPV hutafuta virusi vyenyewe, vile vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na kuleta saratani hii. Majibu yake mara nyingi huchelewa, kwa hiyo acha namba ya simu inayopatikana.

Na hapa ndipo wengi huvunjika moyo bure: kuambiwa una HPV si kuambiwa una saratani. Karibu kila aliyewahi kujamiiana hukutana na virusi hivi, na kwa walio wengi kinga ya mwili huvifukuza ndani ya miaka miwili hivi. Shida ni vile vinavyokataa kutoka, hasa aina ya 16 na ya 18, zinazoleta takriban asilimia 70 ya saratani hii. Protini mbili za virusi hivyo, E6 na E7, huwazima walinzi wa seli, wale wanaoiamuru iache kugawanyika. Hata hivyo, kwa mwenye kinga imara, saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Ndiyo nafasi yako hiyo. Tena usirudi nyumbani ukamshtaki mume; huenda virusi vimejificha mwilini tangu ujana wako au wake.

Anayeishi na VVU hatari yake ya kupata saratani hii ni mara 6 hivi ya asiye navyo, kwa kuwa askari wa mwili wamepungua. Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kupimwa akiwa na miaka 25, wengine 30. Dada, beba kadi ya kliniki na usikatize ARV.

Mwambie mwenzako mapema kwamba ukiondolewa seli zilizobadilika siku hiyo mtalala mbalimbali kwa wiki kadhaa, kidonda kipone.

Na kama una binti wa miaka 10 hadi 14, nenda naye. Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV bila malipo mwaka 2019. Chanjo haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia; ndiyo maana hupewa mtoto, kinga yake ivijue kabla havijabisha hodi.