Zawadi ya safari Kigoma? Anzia kwenye mitumba

Ukishuka Kigoma na unataka kitu cha kuwapelekea watu nyumbani, usikimbilie vinyago vipya vinavyofanana nchi nzima. Pita kwanza kwa wauza mitumba, Mwanga au Ujiji, uulize khanga na vitenge vilivyotumika. Wengi watakuletea fulana za Ulaya, maana ndizo zimejaa kwenye mabelo. Sisitiza: "vya kina mama wa hapa."

Khanga kuukuu ina raha yake. Soma jina lake kabla ya bei, usije ukampelekea mama mkwe kijembe. Zile za kampeni au sherehe fulani, zenye mwaka umeandikwa, ndizo mimi nazigombania, hazichapwi tena. Kagua kama doti imekamilika, kisha iinue juani uone palipochakaa. Kitenge kigeuze: kizuri rangi yake imepenya hadi upande wa pili. Nguo yenye doa la mawese iache hapohapo kwa muuzaji, halitoki hilo, na Kigoma mawese yako kila jikoni.

Vikapu, miiko na vibuyu vya zamani pia vipo, ila gonga usikie kama vimeliwa na wadudu. Ukionyeshwa kitu cha pembe ya ndovu, hata kiwe cha babu yake nani, ondoka. Ni kesi hiyo.

Bei shuka nayo polepole, kwa salamu kwanza. Na ukifika nyumbani loweka kila nguo peke yake, khanga nyekundu ilishaniharibia mashuka mawili.