SOMO: Seli inazimaje jeni bila kuifuta? Tumwangalie paka wa rangi tatu

Habarini wapendwa. Wengi mnauliza, kama DNA ni ileile mwili mzima mbona seli ya jicho haifanani na ya ini? Ni kwamba seli haisomi jeni zote, nyingine zimefungwa. Mtafute paka mwenye mabaka meusi na ya chungwa, wangu amelala hapa dirishani, tuanze naye.

Hatua ya 1: Hesabu X. Jike ana kromosomu X mbili (kromosomu ni furushi la DNA lenye jeni nyingi), ya mama na ya baba. Jeni ya uchungwa inakaa kwenye X, huyu moja inasema chungwa nyingine nyeusi. (Nyeupe ni jeni nyingine, tuiache.)

Hatua ya 2: Akiwa bado kijusi kichanga, kila seli inazima X moja kwa bahati nasibu, na hapa ndo utamu ulipo, ikishazima imezima, ikigawanyika watoto na wajukuu wake wote wanazima ileile, kwa hiyo lile baka la chungwa begani ni ukoo mzima wa seli uliorithi uamuzi mmoja. Mwanajenetiki Mwingereza Mary Lyon alilieleza hili 1961 kwa kuangalia panya.

Hatua ya 3: Kuzima kwenyewe. X inayozimwa inatoa RNA (nakala inayosomwa kutoka kwenye jeni) iitwayo XIST, haitengenezi protini, inaifunika X yenyewe iliyoitoa. Halafu alama za histoni zinabadilishwa (histoni ndo protini ambazo DNA imezizunguka kama uzi kwenye rili ya cherehani), uzi unabana, mwisho methili (alama ndogo za kikemikali) zinabandikwa kwenye DNA. Herufi za jeni haziguswi hata moja!

MASWALI

Swali: Dume je?
Jibu: Ana X moja, basi rangi moja. Madume wa rangi tatu wapo wachache, wengi wana XXY (X mbili na Y moja) na hawazai.

Swali: Nikimkloni wangu nitapata mabaka yaleyale?
Jibu: Hapana ndugu. Texas mwaka 2001 walimkloni paka wa rangi tatu, akazaliwa paka aliyeitwa CC, hana chungwa kabisa, maana seli iliyochukuliwa ilikuwa imeshazima X ya chungwa.

Swali: Na sisi wanawake?
Jibu: Ndiyo dada, hivyohivyo. Jeni ya G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) iko kwenye X, mwanamke mwenye nakala moja dhaifu ana chembe nyekundu za aina mbili, nzima na dhaifu, na zikitokea dhaifu ni nyingi, dawa ya malaria kama primakwini inaweza kumpasulia chembe hizo, kwa hiyo mwambie daktari mapema usinyamaze.