Namna ya Kuendesha Saluni Wakati Wateja Wananunua Bidhaa kwa Simu

Siku hizi mteja wa saluni ya Sinza au Mwananyamala huingia na mfuko wake mkononi: rasta kaziona Instagram, dawa ya nywele kaagiza kwa WhatsApp kutoka Kariakoo ikaletwa na bodaboda, na wigi limesafirishwa kutoka China. Anachokitaka kwako ni mikono na ujuzi. Mwenye saluni ambaye faida yake ilitoka kwenye rafu ya bidhaa hana budi kuihamishia faida hiyo kwenye kiti.

Anza kwa kutenganisha bei. Badala ya kutaja bei moja ya “kusuka pamoja na rasta”, bandika ukutani bei ya kazi peke yake, na bei ya bidhaa kwa yule anayependa kununua kwako. Bei ya kazi ihesabiwe kwa muda, kwa kuwa rasta ndogo za kufika kiunoni zinaweza kuwashikilia wasusi wawili tangu asubuhi hadi jioni, na muda wote huo kodi ya fremu, umeme na ujira wao vinaendelea kuhesabika. Sishauri kumtoza mteja ziada kwa sababu tu hakununua kwako. Atamwita msusi amfuate nyumbani.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo litakaloibakiza saluni mjini, ni kukagua kila kinacholetwa kabla hakijagusa kichwa. Wigi likisemwa kuwa ni la nywele za binadamu, chomoa unywele mmoja na uuchome mbele ya mteja: nywele halisi hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika, ilhali za plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukilipitishia pasi ya moto wigi la plastiki, litaharibika mikononi mwako, na lawama itakuwa yako. Rasta zinazowasha ngozi zilowekwe kwanza kwenye maji yenye siki, zisuuzwe na kuanikwa hadi zikauke.

Dawa ya kulainisha nywele inahitaji uangalifu zaidi. Tazama kama kopo limefunguliwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama dawa ina sodiamu haidroksaidi, kisha uliza nywele ziliwekwa nini mara ya mwisho. Kichwa chenye kalikiti, yaani dawa ya kuzipa nywele mawimbi, hakipakwi dawa ya aina hiyo, kwani nywele zitakatika, na kichwa kilichokunwa au chenye vidonda kisubiri kipone. Mteja akisisitiza, mrudishie kopo lake bila ugomvi.

Kwa wapambaji wa maharusi, hatari iko kwenye piko. Piko nyingi zina kemikali ya rangi iitwayo PPD, ambayo huwaletea baadhi ya watu malengelenge, pengine siku kadhaa baada ya kupakwa. Mwite bibi harusi siku mbili kabla ya kumpamba, umpake tone dogo nyuma ya sikio, naye aliangalie kwa saa 48. Asipotaka, mpake hina ya kawaida. Krimu za mkorogo zinazouzwa kwa simu zikataliwe moja kwa moja, kwa kuwa nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, ambako tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Simu nayo ikufanyie kazi. Weka picha zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana, bila kulainishwa sura, na kwa ridhaa ya mteja. Ongeza picha ya msuko uleule baada ya wiki mbili, maana msuko wa siku ya kwanza hupendeza kwa kila msusi. Pokea miadi kwa ujumbe, na nafasi ya Jumamosi ishikwe kwa malipo ya awali kupitia lipa namba, ukieleza mapema kwamba anayechelewa zaidi ya nusu saa bila taarifa hupoteza zamu. Kila mteja awe na ukurasa katika daftari: dawa aliyowekwa, tarehe, na kilichomdhuru.

Rafu usiifute kabisa. Bakiza shampuu ya kuondoa dawa, mafuta ya ngozi ya kichwa na nyavu za wigi, yaani vile vitu ambavyo mteja hugundua amevisahau akiwa tayari amekaa kwenye kiti.