SOMO: Kujitolea msimu mzima ukiwa mwenyeji anayelala kituo cha urithi

Wengi huiomba nafasi hii, ya kuishi na kupokea wageni kwenye makumbusho au jengo la kale, wakidhani ni kazi ya kusimulia historia. Kusimulia kupo, ila mwenyeji mzuri hujulikana kwa funguo, daftari na uwezo wa kuishi kazini bila kuwachoka watu.

1. Makubaliano, kabla ya kufunga begi

Yawe kwa maandishi, hata kurasa mbili zinatosha. Yataje tarehe ya kuingia na ya kutoka, saa za kazi kwa wiki (20 hadi 30 ni kiasi cha kuvumilika), siku 2 za mapumziko zinazofuatana, nani analipia maji, umeme na gesi, bima ya ajali, na nani anashika zamu ukiugua. Malazi yaelezwe waziwazi: chumba chenye komeo la ndani, choo, bafu, mahali pa kupikia. Neno "malazi" peke yake halina maana yoyote.

Mtego mkubwa ni sentensi ya "kusaidia jioni inapohitajika". Kwa mtu anayelala palepale, kila jioni itahitajika. Dai saa hizo zihesabiwe kama zamu.

Ukivuka mpaka, uliza ubalozi kuhusu viza kwanza. Viza ya utalii mara nyingi hairuhusu kazi hata isiyo na mshahara, na zipo nchi zinazohesabu malazi ya bure kuwa malipo.

2. Makabidhiano, siku 2 nzima

Omba mpishane na mwenyeji anayeondoka. Kila ufunguo uwe na namba, si jina la mlango, ili atakayeuokota asijue unafungua wapi. Funguo za akiba zikae kwenye bahasha iliyosainiwa juu ya mkunjo wake.

Koki kuu ya maji na swichi kuu ya umeme usionyeshwe kwa kidole tu. Funga koki kwa mkono wako, kisha ifungue. Koki isiyoguswa miaka mingi hukwama, na ni afadhali ujue leo kuliko usiku bomba limepasuka. Kwenye vizimamoto angalia mshale, kwa vyenye mshale, uko kwenye kijani, pini na lakiri yake vipo, na tarehe ya ukaguzi. Karibu na umeme tumia cha gesi ya kabonidioksidi (CO2), kamwe si cha maji. Cha poda huzima vizuri, ila vumbi lake hula metali, kwa hiyo uliza mapema kipi kimepangiwa chumba cha vyombo vya kale.

Piga picha kila kifaa kilicho wazi kwa wageni, ufa na mikwaruzo ionekane. Bila picha hizo, ufa wa zamani utakuwa wako mwisho wa msimu.

3. Mzunguko wa asubuhi

Anza dakika 45 kabla ya kufungua. Nje kwanza: njia, paa, madirisha. Ukifungua mlango wa ndani, simama unuse kabla ya kuwasha taa. Ukungu, mkojo wa panya na waya ulioungua hujitambulisha kwa harufu kabla jicho halijaona kitu.

Kisha tazama chini ya vifaa vya mbao. Ukikuta kichuguu kidogo cha unga laini kama poda, usikifagie ukasahau. Kipige picha, kisafishe, tandika karatasi nyeusi mahali pale na uandike tarehe. Baada ya wiki, unga mpya juu ya karatasi ni dalili kubwa kwamba wadudu wako hai, japo mtikisiko nao huweza kuangusha unga wa zamani. Mwite mhifadhi, yaani mtaalamu wa kutunza na kutengeneza vifaa vya kale. Usipulize dawa ya mbu, kwani haiwafikii waliomo ndani ya mbao na huacha madoa.

Soma kipima unyevu saa ileile kila siku. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65, ukungu unakaribishwa. Kupanda na kushuka ghafla nako hupasua mbao. Mwanga kwa nguo na karatasi huwekwa karibu na luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa hiyo usifungue mapazia eti picha zitoke vizuri: rangi ikishapauka hairudi.

Kitu kikivunjika, okota vipande vyote, hata vumbi, uviweke kwenye trei, piga picha, toa taarifa. Gundi usiiguse. Gundi ya haraka humpa mhifadhi kazi mbili: kutoa gundi, kisha kutengeneza.

4. Wageni

Chumba kidogo kisizidi watu 12 hadi 15 kwa mkupuo. Mgeni wa mwisho aingie dakika 30 kabla ya kufunga. Hesabu wanaoingia na wanaotoka, maana kuna anayebaki chooni mlango ukifungwa. Unaposimulia, tenganisha kilichoandikwa, kinachosimuliwa na wazee, na kilichobuniwa na waongozaji kuchekesha watu. Cha tatu kiache.

5. Jioni na daftari

Fedha zihesabiwe na watu 2, wote wasaini. Funga, zungusha macho, kisha ning'iniza kibao chenye namba ya dharura.

"Wageni walisumbua" si taarifa. Andika: "Saa 9:20 alasiri, mtoto alivuka kamba chumba cha pili, chungu hakikuguswa, mzazi alielezwa, msimamizi alipigiwa saa 9:30."

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, asante kwa somo. Mimi na mke wangu tunaweza kuomba nafasi moja?
Mnaweza, na vituo vingi hupenda. Ila kila mmoja aandikiwe saa zake, la sivyo kituo kitapata watu wawili kwa chumba kimoja na saa zisizo na kikomo. Mkitaka kupumzika wote wawili siku ileile, mbadala apangwe mapema.

Glavu zipi, za pamba au za mpira?
Metali shika kwa glavu za nitrili (aina ya mpira wa viwandani), kwa sababu chumvi ya jasho huacha alama za kutu. Karatasi na vitabu vingi mikono iliyooshwa ikakauka inatosha. Pamba hunasa kingo na kupunguza hisia za vidole. Vyombo laini vya kauri huteleza kwenye pamba.

Kambi za UNESCO za wajitoleaji ndizo hizi?
Hapana. Mpango wa Wajitoleaji wa Urithi wa Dunia ulianza 2008 na huendeshwa kwa kambi za muda mfupi, vijana wakiwa kikundi. Ni njia nzuri ya kujipima kabla ya kukaa msimu mzima.

Mtu akigonga usiku akiwa amelewa?
Usifungue. Ongea kupitia dirisha, piga namba ya dharura, andika saa. Ulinzi si kazi yako hata kama unalala hapo.

Je, nikifika nikute chumba ni stoo isiyo na komeo?
Piga picha, andika barua siku hiyohiyo, lala kwingine. Usianze zamu. Ukishaanza, watahesabu umekubali, na komeo litakuwa la "wiki ijayo" hadi msimu uishe.