Magunzi Yanaishia Majivu kwa Sababu Pipa Linazibwa Kwa Kuchelewa

Kila msimu wa kupukuchua mahindi napita vijijini nakuta jambo lilelile. Mkulima amewasha pipa la magunzi asubuhi, mchana analifungua limejaa majivu, kisha ananiambia magunzi hayatoi mkaa. Yanatoa, tena mzuri. Kilo 30 za magunzi makavu zinaweza kukupa kilo 6 hadi 7 za mkaa. Wewe umechelewa kuziba pipa.

Hewa ikiendelea kuingia, moto humaliza kwanza gesi ya gunzi, halafu huuingia mkaa wenyewe. Kwa hiyo kaa hapo hapo, utazame moshi. Moshi mweupe mzito wa mwanzo ni unyevu unaotoka, usizibe bado. Baadaye unageuka wa manjano na kuwasha macho. Ukianza tu kuwa mwembamba wenye rangi ya buluu, ziba. Kwa pipa la lita 200 lenye magunzi makavu yanayovunjika kwa mlio, mara nyingi nusu saa haifiki. Magunzi mabichi hurefusha ule moshi mweupe na kukupotezea hesabu, yaanike kwanza.

Nimewaambia mara nyingi, narudia: udongo wa kuzibia ukandwe KABLA ya kuwasha kiberiti. Wengi wenu mnaanza kutafuta jembe na maji moshi ukishabadilika, na dakika hizo kumi ndizo zinazoula mkaa. Chomoa kwa mti mrefu mawe matatu yaliyoinua pipa ili hewa iingie chini, pipa likae chini. Rundika udongo kuzunguka kitako, unene wa vidole vinne. Funika mfuniko, kandika ukingo wote. Zunguka pipa ukague. Panapotoka moshi hata uzi mmoja, hewa nayo itapita hapo. Kandika tena.

Kisha usifungue hadi kesho yake. Bati likipoa, katikati bado pana makaa mekundu, na yakipata hewa yanawaka upya. Nimeona pipa zima likipotea hivyo baada ya kazi yote kufanyika sawasawa, kwa haraka ya saa chache tu.

Mkaa uliokubali ni mweusi hadi ndani na unavunjika kirahisi.

Kwa kufinyanga matonge ya mkaa uliopondwa, kilo 10 za unga wa mkaa zinatoshwa na nusu kilo ya unga wa muhogo uliopikwa uji kwa lita 5 hivi za maji. Mimina kidogo kidogo. Tonge likishikana mkononi bila kuchuruzika maji, acha. Anika siku tatu hadi tano za jua kali, ukigeuza kila siku.

Na jiko la mkaa huu, kama mkaa mwingine wowote, lisilale chumbani na watoto. Gesi yake haina harufu na inaua.