Jinsi ya kutafsiri "systemic damage" ya Kiingereza na "dano sistémico" ya Kireno

Kabla ya kuchagua neno, jiulize madhara yamekaa mahali pamoja au yanasafiri. Transfoma ya mtaa ikiungua, mtaa hulala gizani, fundi hubadilisha, basi. Lakini tarehe 14 Agosti 2003, nyaya za umeme huko Ohio, Marekani, zililegea zikagusa miti. Zilipojizima, mzigo ukahamia nyaya nyingine, nazo zikazidiwa, mpaka watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakakosa umeme. Hapo ndipo Kiingereza husema "systemic": kila sehemu inaiponza inayofuata.

Kireno cha Ureno na Msumbiji huandika "sistémico", cha Brazili "sistêmico". Ni alama tu juu ya e, ila usizichanganye katika hati moja. Kivumishi hufuata jinsia na idadi ya nomino: "danos sistémicos", lakini "falha sistémica" (hitilafu ya kimfumo).

Mtego mkubwa ni "systematic", kwa Kireno "sistemático", maana yake -a kimpango, hatua kwa hatua. Anayechoma maghala kijiji baada ya kijiji kwa mpango anafanya uharibifu wa namna hiyo, hata kama maghala hayahusiani. Kwenye fedha mambo huchanganya zaidi. "Systematic risk" ni hatari ya soko zima, ambayo huikwepi kwa kutawanya mitaji. "Systemic risk" ni taasisi moja kuanguka na kuzivuta nyingine, hofu iliyotanda benki ya Marekani ya Lehman Brothers ilipofilisika Septemba 2008.

Angalia pia s ya mwisho. Katika hukumu ya Kiingereza "damages" ni fidia, siyo uharibifu mwingi. Kireno hutumia "indemnização", Brazili "indenização". "Danos" hubaki kuwa madhara yenyewe.

Kwa Kiswahili, "madhara ya kimfumo" yanatosha katika ripoti ya benki. Kwingine yanakwama. "Systemic lupus" ya hospitalini iite ugonjwa wa lupus unaoweza kushambulia viungo vingi vya mwili. Kwenye kibandiko cha kiuatilifu, "systemic" haizungumzii madhara kabisa: dawa hufyonzwa na kusambaa ndani ya mmea, kwa hiyo andika maelezo hayo. Mkulima akisoma "dawa ya kimfumo" atarudi dukani kuuliza.