Kundi likutane mbalamwezi

Wenye makundi ya WhatsApp hapa Kigoma, mkitaka watu waonane ana kwa ana, msipange tarehe kwa kalenda ya ofisini. Angalieni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika, na akina mama wa Kibirizi wanaoanika dagaa wanapata nafasi. Sisi tulipanga mara mbili Jumamosi za giza. Wakaja watu wanne, mmoja kafuata soda.

Halafu hili: kundi linabeba hadi watu 1,024, lakini wanaoandika ni walewale. Mkikutana, kila mtu abandike kifuani karatasi yenye jina analotumia kundini. Utasikia, “Kumbe Mgebuka ndiye wewe!” na hapo stori zinaanza zenyewe. Mgeni rasmi wa nini? Hotuba zinakula muda wa watu kujuana.

Jioni hiyohiyo mmoja aweke kundini picha na yaliyokubaliwa, maana kuna wenzetu wa Kasulu na Uvinza ambao nauli iliwashinda. Wakiuliza swali, wajibiwe kwa sauti, si kwa vidole gumba tu.